Sarafu imeota kijani, imeiva nyeusi au inanata: chanzo na tiba

Uchafu wa sarafu ni wa namna mbili. Kuna uliotoka nje ukakaa juu yake: vumbi, mafuta ya vidole, gundi ya selotepu, majimaji ya plastiki. Huo hutoka, na ukishatoka sarafu inabaki ilivyokuwa. Na kuna uliotokana na metali yenyewe kugeuka: weusi wa fedha, ukahawia wa shaba, kijani kigumu. Huo ni ngozi ya sarafu. Ukiuondoa umeondoa metali, na metali iliyoondoka hairudi. Karibu kila sarafu iliyoharibiwa na mwenyewe iliharibiwa kwa kuchanganya namna hizi mbili.

Maelezo haya yanahusu zaidi sarafu zinazopatikana kwetu: pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar, rupia na heller za Wajerumani, shilingi za wakati wa Waingereza, na senti za baada ya uhuru. Kanuni zake zinafaa kwingine pia.

Kwanza ijue metali

Dalili moja ina maana tofauti kwenye metali tofauti. Rupia ya Wajerumani (1890 hadi 1914) ni fedha ya 917 kwa 1000. Riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne ya ishirini, ni 833. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, kuanzia 1921 hadi 1946, ni fedha robo tu. Ya 1948 na kuendelea haina fedha hata kidogo, ni shaba na nikeli. Pesa ya Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye mizani upande mmoja, ni shaba nyekundu. Heller moja ni bronzi, na heller 10 yenye tundu ni shaba na nikeli. Heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 ziko za shaba nyekundu na za shaba njano.

Shilingi moja ya Tanzania ya 1987 na kuendelea ni chuma kilichovikwa nikeli. Pitisha sumaku: ikinasa, sarafu hiyo usiiloweke kwenye maji. Sababu iko chini kwenye kutu.

Vitu vya kuwa navyo

Bakuli tatu za kioo, si za plastiki. Lenzi ya kukuza mara 10. Taa moja ya mezani inayoweza kuinamishwa. Kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kisicho na nyuzi za nailoni. Vijiti vya meno vya mbao, au mwiba wa nungunungu, ambao hata mafundi wa makumbusho huutumia kwa kuwa ni mgumu kuliko udongo na laini kuliko shaba. Koleo ndogo ya mianzi. Sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato.

Maji ni sehemu ambayo wengi hukosea. Ya bomba yana klorini na madini, na ya kisima cha pwani yana chumvi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa shaba. Tumia maji yaliyotoneshwa. Vituo vya mafuta na maduka ya vipuri huyauza kwa jina la maji ya betri. Ila soma chupa kwa makini, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na hiyo inateketeza sarafu na ngozi yako pia.

Asetoni iwe safi, ya duka la rangi au la vifaa vya maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai: ina mafuta, manukato na mara nyingi maji. Asetoni hushika moto upesi sana, kwa hiyo fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa, sigara na hata swichi inayotoa cheche. Glovu za kawaida za nitrili huzipenya kwa dakika chache. Ndiyo maana ya koleo ya mianzi.

Kijani: kipi kati ya vitatu?

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu vijani vitatu vinavyofanana kwa mbali vinataka matendo matatu tofauti. Weka sarafu chini ya lenzi, inamisha taa, kisha gusa kijani kwa ncha ya kijiti bila kukwaruza.

*Kinanata, kinang'aa kama mafuta, kimetandaa bila mpaka.* Hiki hakikutoka kwenye sarafu. Kimetoka kwenye albamu au kifuko laini cha PVC, ile plastiki inayonukia upya na kukunjika kama pazia la bafuni. Vilainishi vyake hutoka taratibu, na plastiki ikizeeka kwenye joto hutoa asidi ya hidrokloriki inayoanza kula metali chini ya ute huo. Tiba ni asetoni. Tandika kipande cha pamba ndani ya bakuli, laza sarafu juu yake, mimina asetoni iifunike, funika kwa kisahani cha kioo. Baada ya dakika 15 igeuze, ngoja 15 nyingine, kisha ihamishie kwenye bakuli la pili lenye asetoni mpya kwa dakika 2. Bakuli hili la pili wengi huliruka, halafu wanashangaa kuona sarafu ina ukungu: ute uliokuwa umeyeyuka kwenye asetoni ya kwanza umeganda tena juu yake. Kama ute umebaki, rudia kwa saa 24. Vishimo vitakavyoonekana baada ya hapo ni metali iliyoliwa. Havizibiki.

*Kigumu, kimekoza, kijiti hakikichukui, kimekaa sawasawa na uso.* Hiki ni patina tulivu, yaani ngozi ambayo metali imejiotesha yenyewe kwa miaka. Kiache. Kwenye pesa ya Barghash au heller iliyokaa ardhini, mara nyingi maandishi yamebaki ndani ya tabaka hilo, na shaba iliyo chini yake ina vishimo visivyosomeka. Ukilivua, umevua maandishi.

*Ni unga wa kijani hafifu, kwa vidoti, na ukiufuta unarudi baada ya siku chache.* Huu ndio unaoitwa ugonjwa wa shaba. Kloridi ya shaba imejificha kwenye vishimo. Ikipata unyevu na hewa inatoa asidi, asidi inakula shaba safi, na shaba hiyo inageuka kloridi nyingine. Mzunguko huo haukomi wenyewe. Mombasa, Tanga, Unguja na miji mingine ya ufukweni ni mahali pake hasa, kwa chumvi ya hewani na unyevu unaozidi asilimia 70 siku nyingi za mwaka.

Kuhakikisha: funga sarafu ndani ya mtungi wa kioo pamoja na kipande cha pamba chenye unyevu, visigusane, kwa saa 24 hadi 48. Vikitokea vidoti vipya vya kijani hafifu, ndio wenyewe. Visipotokea, rudi kwenye patina tulivu hapo juu.

Ikithibitika, itenge na nyingine. Ondoa unga kwa kijiti chini ya lenzi, kisha loweka kwenye maji yaliyotoneshwa ukiyabadilisha kila siku kwa wiki moja. Kwa sarafu ya thamani ndogo unaweza kuendelea na mchanganyiko wa seskwikaboneti ya sodiamu: gramu 23 za kaboneti ya sodiamu kavu na gramu 19 za bikaboneti ya sodiamu kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Badilisha kila wiki. Kazi huchukua wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, na rangi ya patina inaweza kubadilika. Kisha suuza kwa wiki nyingine ya maji matupu.

Wanaojua kemia watagundua kwamba seskwikaboneti ndiyo magadi yenyewe, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi. Msijaribu. Magadi ya asili yamechanganyika na chumvi ya kawaida, na chumvi ni kloridi, yaani kile kile unachohangaika kukitoa.

Sarafu ya thamani kubwa iachie mhifadhi wa makumbusho. Dawa anayotumia yeye, benzotriazoli, ni sumu na haifai kushikwa nyumbani. Kazi yako mpaka imfikie ni kuiweka kavu: unyevu ukishuka chini ya asilimia 40, ugonjwa husimama au karibu kusimama.

Fedha imekuwa nyeusi

Weusi wa fedha ni salfidi ya fedha. Salfa imetoka hewani, kwenye moshi, kwenye mpira wa kufungia noti, kwenye gazeti, au kwenye kasha la kiberiti, ambalo wazee wengi walilifanya hazina ya sarafu. Tabaka likiwa jembamba huleta manjano, likiongezeka huleta zambarau na buluu, mwisho nyeusi. Rangi hizo zikiwa zimetulia na mng'ao ukionekana chini yake, hakuna tatizo la kutatua. Mkusanyaji mzoefu akiletewa rupia ya 1890 nyeupe pe, wasiwasi ndio unaomwingia kwanza.

Ukiona weusi umeanza kuwa mnene, hatua ya maana ni kuondoa chanzo chake. Sogeza sarafu mbali na mpira, gazeti, jikoni. Kisha safisha mafuta kwa asetoni. Asetoni haitoi weusi, na si kazi yake.

Kuna njia mbili maarufu, na zote hatuzishauri. Ya kwanza ni bakuli lenye karatasi ya alumini, maji ya moto na bikaboneti. Inafanya kazi kweli: alumini inaichukua salfa na fedha inarudi kuwa fedha, utasikia harufu ya yai viza. Lakini fedha inayorudi inakaa kama sponji nyembamba isiyo na mng'ao, nyeupe iliyokufa. Ya pili ni dawa ya kuchovya ya masonara, yenye asidi na thiourea. Inayeyusha salfidi pamoja na ile mistari midogo sana ya juu iliyobaki metali ilipotiririka chini ya mhuri. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke ukizungusha sarafu mpya. Michovyo miwili mitatu, na mwanga hauzunguki tena.

Shilingi ya simba ina umanjano au wekundu sehemu zilizoinuka

Hili ndilo linalowadanganya wengi zaidi kwenye sarafu za Waingereza. Shilingi za 1921 hadi 1946 na senti 50 za fedha za wakati huo zilikuwa robo fedha, na kiwandani vidonge, yaani vipande vya metali ambavyo bado havijapigwa mhuri, vilichovywa kwenye asidi ili shaba ya juu iondoke, ngozi ibaki nyeupe. Ngozi hiyo ni nyembamba. Ikichakaa kwenye shavu la mfalme au mgongo wa simba, mwili wa shaba unachungulia. Mwenye sarafu anaona "uchafu wa kahawia", anasugua, na kahawia linapanuka. Kadiri anavyosugua ndivyo linavyoongezeka.

Chini ya lenzi utalitambua: rangi iko sehemu za juu tu, mashimo ya herufi ni meupe. Uchafu wa kweli huwa kinyume chake, hukaa mashimoni na kuacha sehemu za juu safi. Ukiona hivyo, usifanye lolote. Wala usijaribu njia ya alumini kwenye sarafu hizi.

Udongo, masizi na tundu lililoziba

Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa nusu lita na tone moja la sabuni. Sarafu moja kwa bakuli moja, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana majini moja huanza kuliwa kwa ajili ya nyingine. Dakika 15, geuza, dakika 15. Usisugue hata kwa kidole: chembe ya mchanga chini ya kidole chako ni msasa. Udongo ulioganda unataka saa 24 au siku tatu, ukibadilisha maji, na kijiti cha mbao kikiingia pembeni mwa udongo, hakikwanguzi juu yake. Sarafu zenye tundu, kama heller 10 au senti 10 za bronzi, zilitungwa kwenye uzi au kamba, na mafuta ya kamba hubaki ukingoni mwa tundu. Hapo maji hayafui dafu, tumia asetoni. Mkwaruzo wa kamba yenyewe utabaki.

Suuza kwenye maji mapya mara tatu. Laza juu ya pamba, funika kwa pamba, bonyeza polepole bila kusogeza. Iache saa kadhaa mahali pakavu.

Mafuta ya zeituni yanasifiwa sana kwa sarafu za ardhini. Yana asidi hafifu, yanalainisha udongo na patina kwa pamoja, yanatia giza, na kuyatoa baadaye ni kazi nyingine ya asetoni. Hayana faida ambayo maji na subira hayatoi.

Ukungu mweupe au matone baada ya kuosha

Ukungu sawasawa juu ya uso wote ni sabuni au madini ya maji ya bomba. Suuza upya kwa maji yaliyotoneshwa ya uvuguvugu. Matone yenye duara ni maji yaliyokaukia hapo.

Yako matone ya ajabu yanayotokea hata kwa aliyetumia asetoni peke yake. Asetoni ikikauka hupoza sarafu upesi, na hewa ya pwani yenye unyevu inatoneka umande juu ya metali baridi. Ndiyo sababu ya kufanya kazi hii saa za mchana kavu, au chumba chenye kiyoyozi, na kuibonyeza sarafu kwenye pamba mara inapotoka badala ya kuiachia hewani.

Vidoti vya kutu nyekundu

Ni chuma kilichovikwa, na ganda la nikeli limetoboka au limefunguka ukingoni. Maji hupenya hapo na kutu inaendelea chini ya ganda mpaka livimbe. Asetoni dakika 5 kuondoa mafuta na unyevu, kausha, weka pakavu. Zaidi ya hapo tafuta nyingine, bado ziko nyingi.

Shaba imekuwa ya waridi baada ya limau, ukwaju, siki au soda

Asidi imevua ngozi ya kahawia na kuacha shaba tupu. Kwenye shaba njano imefanya zaidi: imetoa zinki juu na kuacha wekundu wa mabaka. Heller 20 za Tabora za shaba njano huharibika vibaya hivi, na ni hasara ya bure, kwa kuwa ukwaruzo, nyufa za mhuri na herufi zilizofifia ambazo watu hutaka "kuzing'arisha" zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Sarafu hizo zilipigwa vitani, kwenye karakana ya reli, kwa metali iliyookotwa.

Kilichobaki ni kuzuia asidi isiendelee: saa 24 kwenye maji yaliyotoneshwa, ukibadilisha mara nne, kisha asetoni, kisha kukausha. Rangi itarudi yenyewe kwa miaka. Usiipake salfa wala usiichome ili kuiharakisha, rangi ya bandia hujulikana kwa macho tu.

Kujua sarafu uliyonunua iliwahi kusuguliwa

Zima taa kubwa, bakiza ya mezani, zungusha sarafu polepole. Mistari myembamba inayoelekea upande mmoja ni ya kitambaa au dawa ya meno. Mistari ya mduara ni ya majivu au mchanga. Angalia pia pembeni mwa herufi: uwanja, yaani sehemu tupu ya uso, unang'aa, lakini kuzunguka kila herufi kuna kivuli ambako kidole hakikufika. Makampuni ya kupima daraja kama PCGS na NGC huiandika sarafu ya namna hiyo kuwa imesafishwa na kuinyima daraja la namba.

Imesafika, lakini tatizo limerudi

Tazama mahali ilipolala. Vifuko vigumu vya poliesta au makasha ya akriliki yanafaa, PVC haifai. Kwenye vishikizo vya kadibodi, pini za chuma zipondwe kwa koleo, la sivyo zinakwaruza sarafu ya jirani, na pwani zinashika kutu. Vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu hushiba ndani ya wiki chache. Tumia chembe za silika zenye rangi ya chungwa, na rangi ikibadilika zipashe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Mchele haukaushi kitu, unaleta vumbi la wanga na wadudu. Shika sarafu ukingoni kila wakati: alama ya kidole ikikaa wiki chache kwenye shaba nyekundu, asetoni itatoa mafuta lakini mchoro wa kidole utabaki.

Sarafu zilizotoka kwenye magofu au baharini

Shaba ndogo za masultani wa Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu ambayo upande mmoja una vina na upande wa pili, hazioshwi nyumbani. Herufi zimechongwa kwa kina cha unywele na zimebebwa na patina. Tena mahali ilipokutwa ni nusu ya maana yake. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na zote zinataka ugunduzi uripotiwe. Iliyotoka baharini isikauke kabla ya kufika kwa wataalamu, kwani chumvi ikiganda ndani yake inapasua uso. Iweke ndani ya mtungi wa maji yaliyotoneshwa, andika mahali na tarehe kwa penseli kwenye karatasi nje ya mtungi, na badilisha maji kila siku mpaka uikabidhi.